Mizani Imegoma Baada ya Baipasi ya Tumbo: Soma Dalili Kabla ya Kupunguza Chakula

Katika baipasi ya tumbo, daktari hutenganisha sehemu ya juu ya tumbo na kubakiza kifuko kidogo cha takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula hakipiti tena kwenye tumbo la zamani wala mwanzo wa utumbo. Uzito hushuka kwa kasi, halafu siku moja husimama. Mtu akiona hivyo hukimbilia kupunguza chakula, na mara nyingi hapo ndipo anapokosea. Anayekula kalori 800 kwa siku hana mengi ya kukata isipokuwa protini. Protini ikipungua mwili hula misuli yake, na misuli ikipungua mwili huchoma nishati kidogo zaidi. Mizani inazidi kugoma.

Swali la maana ni hili: imegoma lini, na nini kingine kilibadilika wakati ule ule? Tafuta dalili inayofanana na yako hapa chini. Sababu zimepangwa kuanzia inayoonekana mara nyingi hadi ya nadra, na ukaguzi wa nyumbani umetangulia ule wa hospitali.

## Dalili za kwenda hospitali leo

Uzito unaweza kusubiri, haya hayasubiri.

- Maumivu makali ya tumbo yanayokuja kwa mawimbi au yasiyokatika, hasa yakiambatana na kichefuchefu au kushindwa kutoa hewa. Inaweza kuwa ngiri ya ndani: utumbo umepenya kwenye upenyo ulioachwa na upasuaji na kujinyonga. Hutokea hata miaka mingi baadaye. Waliopungua sana wako hatarini zaidi, kwa kuwa mafuta yaliyokuwa yakiziba upenyo huo yameyeyuka. Mjamzito asisubiri hata saa moja.
- Katika wiki za kwanza: mapigo ya moyo zaidi ya 120 kwa dakika ukiwa umetulia, homa, au kupumua kwa shida. Kiungio, yaani pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, kinaweza kuwa kinavuja.
- Kutapika damu, au choo cheusi kama lami chenye kunata na harufu kali. Vidonge vya madini ya chuma navyo hutia choo weusi, ila hakinati wala hakinuki namna hiyo.
- Kutapika kwa siku kadhaa, kisha kuona vitu viwili viwili, kuyumba au kuchanganyikiwa. Hizi ni dalili za upungufu mkubwa wa vitamini B1, na ubongo unaweza kuharibika kwa kudumu. Waambie wahudumu mlangoni kwamba ulifanyiwa baipasi, kwa sababu dripu ya glukosi ikitangulia bila B1 huzidisha madhara.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au maumivu ya kifua na pumzi kukatika ghafla.

## Je, umekwama kweli?

Hesabu kwamba umekwama pale tu wiki 4 zinapopita bila kilo wala sentimita kushuka. Chini ya hapo ni mawimbi ya maji ya mwilini. Chumvi nyingi, hedhi, choo kigumu au mazoezi mapya vinaweza kupandisha mizani kilo 1 hadi 2 ndani ya siku chache, na hakuna hata gramu moja ya mafuta iliyoongezeka.

Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kunywa chochote. Mizani ikae kwenye sakafu ngumu, kwa sababu juu ya zulia husoma vibaya. Kisha chukua futi ya fundi nguo upime kiuno kwenye usawa wa kitovu, nyonga mahali palipo panene zaidi, na paja. Andika. Asiyeweza kujizuia kupima kila siku alinganishe wastani wa siku 7 na wastani wa siku 7 zilizotangulia. Kulinganisha leo na jana hakumwambii mtu kitu.

## Mizani imegoma kati ya wiki ya 2 na ya 6

Hili ndilo lalamiko linaloripotiwa kuliko yote, na ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, inayoitwa glaikojeni, kama gramu 400 hadi 500. Kila gramu ya glaikojeni hushika takriban gramu 3 za maji. Siku za mwanzo, ukiwa kwenye vinywaji tu, akiba hiyo huisha na maji yake hutoka, ndiyo maana kilo za kwanza huporomoka. Ukianza vyakula laini mwili hujaza tena sehemu ya akiba, na maji hurudi nayo. Mafuta yanaendelea kuyeyuka, lakini maji yanaingia kwa kasi ile ile, na mizani husoma namba moja kwa wiki 1 hadi 3.

Kagua mambo matatu tu. Maji: lita 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa kunywa funda ndogo ndogo siku nzima. Protini: kulenga gramu 60 kwa siku, au kiwango ulichopewa na kliniki yako. Choo: kama hujapata kwa siku 3 au zaidi, mwambie muuguzi wako, kwa maana dawa za maumivu za baada ya upasuaji, vidonge vya chuma na upungufu wa maji hufunga choo.

Zaidi ya hapo, usiguse kitu. Usirudi kwenye vinywaji ili "kuanza upya", na usirukie vyakula vigumu kabla ya hatua yake, maana mishono ya ndani bado inapona. Piga simu kliniki kama huwezi kufikisha lita 1 ya maji kwa siku, mkojo umekuwa wa kahawia, au unapata kizunguzungu ukisimama.

## Ninakula kidogo sana lakini hakuna kinachosogea (mwezi wa 3 hadi wa 12)

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Karibu kila anayesema "ninakula kidogo" anasema kweli kuhusu sahani yake. Kinachokosekana kwenye hesabu ni vilivyoingia nje ya sahani.

Kabla ya kubuni sababu, fanya daftari la siku 7. Andika kabla ya kula, kwa sababu kumbukumbu ya jioni huwa na huruma kwa mwenyewe. Tumia mizani ya jikoni, andika kwa gramu, na usisahau mafuta ya kupikia, sukari ya kwenye chai, kuonja ukiwa jikoni na masalia ya watoto. Andika pia saa. Baada ya siku 7 soma daftari ukitafuta yafuatayo, kwa mpangilio huu.

Kalori za kunywa. Kifuko huzuia chakula kigumu, lakini kinywaji hupita tu. Vikombe 3 vya chai vyenye vijiko viwili viwili vya sukari ni karibu kalori 100. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya matunda, hata ile uliyokamua mwenyewe, ni zaidi ya kalori 100. Pombe ina kalori 7 kwa gramu, na baada ya baipasi huingia kwenye damu haraka na kwa kiwango cha juu kuliko zamani. Uraibu wa pombe huongezeka kwa waliofanyiwa upasuaji huu, kwa hiyo hesabu ya kalori si sababu pekee ya kuiacha. Tiba: kwa wiki 2, kunywa maji, na chai au kahawa isiyo na sukari. Maziwa yahesabiwe kama chakula.

Kudonoadonoa. Karanga chache saa nne, kipande cha jibini saa sita, biskuti mbili saa kumi. Kifuko hakijai kamwe, kwa hiyo hakitumi ishara ya kushiba. Gramu 30 za karanga, kiganja kimoja tu, zinakaribia kalori 180. Utaziona kwenye safu ya saa: kama kuna zaidi ya nyakati 6 za kula kwa siku, umepata jibu. Rudi kwenye milo 3 na vitafunio 1 au 2 vyenye protini, kwa saa zinazojulikana, ukiwa umekaa.

Vyakula vinavyoteleza. Biskuti, viazi vya kukaanga vikavu, aiskrimu, chokoleti, mikate laini. Vikichanganyika na mate au kinywaji huwa uji na kushuka bila kukaa kwenye kifuko. Mtu aliyeshindwa kumaliza gramu 80 za kuku anaweza kumaliza pakiti ya biskuti na asihisi lolote. Wengine hukosea wakidhani kifuko kimetanuka, kumbe chakula ndicho kilichobadilika.

Protini haitoshi. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na kwa baadhi ya watu kliniki huweka juu zaidi. Jumlisha kutoka kwenye daftari: yai moja lina gramu 6, gramu 100 za kifua cha kuku kilichopikwa zina karibu 30, gramu 100 za samaki 20 hadi 25, glasi ya maziwa 8, nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 7. Anza mlo kwa protini, fuata mboga, wanga mwisho ikiwa nafasi imebaki. Ukishindwa kufikisha, poda ya protini isiyo na sukari iliyochanganywa na maji au maziwa hujaza pengo. Isiwe nyongeza juu ya mlo uliokamilika, la sivyo umerudi kwenye kalori za kunywa.

Mwili umepungua, mahitaji yamepungua. Mwili wa kilo 90 hauchomi nishati ya mwili wa kilo 130, hata ukiwa umelala. Kiasi kilichokushusha mwezi wa 2 kinaweza kukushikilia pale pale mwezi wa 9. Hili si kosa la mtu, na halirekebishwi kwa kukata sahani bali kwa misuli. Mazoezi ya nguvu siku 2 au 3 kwa wiki: kuchuchumaa na kuinuka kwenye kiti, kusukuma ukuta kisha sakafu, kuvuta mpira wa mazoezi au kunyanyua uzito, seti 2 hadi 3 za marudio 8 hadi 12. Ongeza kutembea kwa kasi hadi dakika 150 kwa wiki, kisha polepole zaidi ya hapo. Usinyanyue vizito kabla daktari hajakuruhusu. Tarajia mizani kupanda kidogo wiki 2 za mwanzo, kwani misuli iliyoshtuka hushika maji.

Dawa. Hii husahaulika mno. Insulini na vidonge vya kisukari vya kundi la glibenclamide huhifadhi uzito, na dozi ya kabla ya upasuaji mara nyingi huwa kubwa mno kwa mwili wa sasa. Nyingine ni prednisolone na steroidi zote za kumeza, amitriptyline, mirtazapine, paroxetine, olanzapine, valproate, gabapentin, pregabalin, propranolol, atenolol, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3. Peleka orodha yako kwa daktari umuulize kama kuna mbadala. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Steroidi au dawa ya kifafa ikikatwa ghafla inaweza kuua.

Homoni. Tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango hugundulika kwa kipimo cha damu cha TSH. Kama tayari unameza levothyroxine, dawa ya tezi hiyo, angalia saa zako: vidonge vya kalsiamu na vya chuma huizuia isifyonzwe, na wengi waliofanyiwa baipasi humeza hivyo viwili. Weka pengo la saa 4. Kosa hili dogo la ratiba linaweza kukwamisha mtu miezi mizima.

## Nguo zinalegea, mizani haijali

Hukukwama. Mafuta yanatoka huku misuli au maji yakiongezeka. Endelea, pima kwa futi, na rudi kwenye mizani baada ya wiki 4.

## Njaa imerudi, na ninamaliza sahani kubwa kuliko zamani

Sehemu ya hili ni kawaida. Miezi ya mwanzo homoni za njaa hutulia na watu husahau kula. Baadaye hamu hurudi, na baada ya mwaka mlo wa ujazo wa kikombe kimoja si dalili ya kuharibika. Shaka ianze pale unapokula kiasi cha mtu asiyefanyiwa upasuaji, au unapopata njaa ya kweli saa moja baada ya mlo mzuri.

Anza na maji. Ukinywa huku unakula, chakula huoshwa kutoka kwenye kifuko na shibe huondoka nacho. Acha kunywa unapoanza kula, na subiri dakika 30 baada ya kumaliza. Watu wengi waliokuja na malalamiko ya "kifuko kimetanuka" tatizo lao huishia hapa.

Kisha kasi. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30, vipande viwe vidogo, kila kimoja kitafunwe hadi kiwe laini kabisa. Kisha aina ya chakula: je, mlo wako ni supu, uji na vitu vya kusagwa? Vyakula laini vilikuwa sahihi wiki ya 4, si mwezi wa 14. Kisha usingizi, kwa sababu kulala chini ya saa 7 huongeza njaa, na mwenye kukoroma na pumzi kukatika usiku anahitaji mashine yake ya kusaidia kupumua usingizini, kama anayo, ipimwe upya mwili unapobadilika.

Jaribu hayo kwa wiki 3, kwa uaminifu. Njaa ikibaki pale pale, kuna mambo mawili ya kimaumbile ambayo hakuna nidhamu inayoweza kuyatatua.

La kwanza ni mlango wa kutokea kifukoni kutanuka. Ukipita kipenyo cha sentimita 2 hivi, chakula hakikai. Huonekana kwa kamera ya kuingizwa kupitia mdomoni, na unaweza kushonwa ukawa mwembamba kwa kamera hiyo hiyo bila kupasua tumbo.

La pili, la nadra, ni fistula: njia isiyotakiwa iliyofunguka kati ya kifuko na tumbo la zamani. Chakula hurudi kupita njia ya zamani. Shuku fistula ukiona njaa imerudi ghafla badala ya polepole, uzito unapanda, na kiungulia au maumivu ya vidonda vimeanza upya. Eksirei ya kumeza dawa inayoonekana kwenye picha huionyesha, pamoja na kamera. Hii ni kazi ya daktari wa upasuaji.

## Nyama haipiti, biskuti zinapita

Huyu ni mgonjwa anayedhaniwa hana nidhamu kumbe ana tatizo la bomba. Chakula kigumu kinakwama na kuuma chini ya kifua, anatapika mate yenye povu, basi polepole anahamia kwenye vinavyopita: vitu vitamu, vyororo, vyenye mafuta. Kalori zinapanda, protini inashuka.

Kwanza kagua ulaji: kipande kikubwa, nyama kavu, haraka. Jaribu samaki, yai la kuchemsha laini au maharage, kwa vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole. Kama bado vinakwama, na hasa ukiwa kati ya wiki ya 4 na mwezi wa 3, kiungio kinaweza kuwa kimesinyaa. Hutanuliwa kwa puto kupitia kamera, na baadhi ya watu huhitaji kurudia mara zaidi ya moja. Usisubiri hadi maji nayo yaanze kurudi.

Sababu nyingine ni kidonda kwenye kiungio. Huleta maumivu ya kuunguza baada ya kula. Sigara na dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac ndizo zinazokisababisha zaidi, pamoja na bakteria wa vidonda vya tumbo. Aliyefanyiwa baipasi hatakiwi kumeza dawa hizo hata kwa kuumwa kichwa; paracetamol ndiyo salama zaidi kwake. Bandika karatasi yenye onyo hilo ndani ya kabati la dawa, kwa sababu wanafamilia hutoa ibuprofen kwa nia njema.

## Jasho, kutetemeka na njaa kali saa 1 hadi 3 baada ya kula

Tofautisha kwa saa. Dalili zikija ndani ya dakika 10 hadi 30 (tumbo kuchafuka, kuharisha, moyo kwenda mbio) chakula chenye sukari kimemiminika utumboni mapema mno. Zikija saa 1 hadi 3 baadaye, sukari ya damu imeshuka: utumbo ulipokea sukari kwa ghafla, kongosho likajibu kwa insulini nyingi kupita kiasi. Aina ya pili mara nyingi huanza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji.

Hii hukwamisha uzito kwa mduara. Sukari inashuka, mtu anakula kitu kitamu, sukari inapanda kisha kushuka tena, anakula tena. Kila mara anakuwa na haki ya kula, na jioni kalori ni nyingi.

Ukiweza, pima sukari wakati wa dalili na uandike. Ukiwa unatetemeka, chukua gramu 10 hadi 15 za sukari ya haraka, kisha ndani ya dakika chache kitu chenye protini ili isishuke tena. Kwa muda mrefu: wanga usizidi gramu 30 kwa mlo, usile wanga peke yake, tanguliza protini, gawa chakula katika milo 5 au 6 midogo. Sukari ikisoma chini ya 3.0 mmol/L (54 mg/dL), au ukizirai, au ukichanganyikiwa, muone daktari. Zipo dawa za kusaidia, ikiwemo acarbose. Usiendeshe gari hadi jambo hili limedhibitiwa.

## Miguu imevimba, au uchovu hauishi

Bonyeza kidole gumba kwenye mfupa wa mguu kwa sekunde 10. Kikiacha shimo, unabeba maji, na kilo unazoziona kwenye mizani si mafuta. Baada ya baipasi sababu inayostahili kushukiwa mapema ni upungufu mkubwa wa protini, hasa ukiwa umetapika au kuharisha kwa wiki kadhaa, ila moyo, figo na ini lazima viangaliwe. Hili ni la kliniki ndani ya wiki hii. Vidonge vya kukojosha visivyoandikwa na daktari vitaficha tatizo na kukukausha.

Uchovu peke yake mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma, kisha B12, kisha vitamini D. Mtu aliyechoka hatembei, hanyanyui, na anakula vitu vitamu ili asogee. Kagua ratiba: kalsiamu aina ya sitrati miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, imegawanywa kwa dozi zisizozidi 600, chuma kwa pengo la angalau saa 2 na kalsiamu, na usikimeze kwa chai; kisha vitamini D3, B12 na multivitamini kama ulivyoandikiwa. Pima damu angalau mara moja kwa mwaka, hata ukijisikia mzima.

## Uzito unapanda baada ya mwaka wa pili

Uzito wa chini kabisa hufikiwa kati ya mwezi wa 12 na 24. Kupanda kilo chache baada ya hapo huwapata wengi, na ni mwili kutafuta makazi. Panapohitaji kuingiliwa ni pale unapoendelea kupanda mwezi hadi mwezi.

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aanze na kipimo cha mimba. Si mzaha. Uzazi hurudi mtu anapopungua, vidonge vya kumeza vya uzazi wa mpango havitegemeki vizuri baada ya baipasi, na ushauri ni kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba. Akishika, aijulishe kliniki mara moja. Kipimo cha kisukari cha kunywa sukari kinaweza kumwangusha, na zipo njia nyingine za kupima.

Baada ya hapo rudia daftari la siku 7, kisha dawa mpya ulizoanza tangu upasuaji, kisha pombe, kisha hali ya moyo: msiba, sonona, kula usiku. Mtu anayekula kwa huzuni hatibiwi na orodha ya chakula, anahitaji mshauri. Kama vyote viko sawa, ndipo kamera na eksirei. Matibabu hupanda ngazi: mtaalamu wa lishe, dawa za sindano za kupunguza uzito kama liraglutide au semaglutide chini ya daktari, kushona mlango wa kifuko kwa kamera, na upasuaji wa marudio mwisho kabisa kwa kuwa hatari zake ni kubwa kuliko za ule wa kwanza. Kuanza semaglutide huku una fistula ambayo haijatafutwa ni kulipia kifuniko cha tatizo.

## Yanayopendekezwa na hayasaidii

Siku 5 za vinywaji ili "kurudisha kifuko": kifuko hakisinyai kwa kunywa. Kilo 2 zinazotoka ni glaikojeni na maji yake, na hurudi Jumatatu. Dawa za kuharisha hutoa maji na madini, si mafuta. Kufunga kwa siku nzima huku kifuko kikiwa hakiwezi kupokea mlo mkubwa wa kufidia ni njia ya uhakika ya kukosa protini. Chai za mitishamba za kupunguza uzito nyingi ni dawa za kuharisha zenye jina zuri, na baadhi huumiza ini.

## Cha kubeba ukienda kliniki

Daftari la siku 7, vipimo vya uzito na sentimita vya wiki 8, orodha ya kila dawa na virutubisho pamoja na saa ya kumeza, na tarehe ya hedhi ya mwisho kama inahusika. Omba vipimo hivi vya damu kama havijafanyika karibuni: wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma), B12, foleti, vitamini D, kalsiamu pamoja na homoni ya paradundumio (PTH), albumini (protini ya damu), sukari ya miezi 3, TSH, figo na ini.

Beba pia ripoti ya upasuaji wenyewe. Kama huna nakala, iombe hospitali uliyofanyiwa wakati bado faili linapatikana. Bila hiyo daktari mpya hajui kifuko kilikatwa wapi wala utumbo kiasi gani ulirukwa, na atalazimika kukisia kabla ya kuingiza kamera.